Nusu ya Kahawa

"Kitendawili," nilimwambia Mbonimpa kabla hajavuka kizingiti cha mlango wa jikoni.

"Tega, Bibi Salvina. Lakini shikamoo kwanza."

"Marahaba. Nyumba yangu haina mlango wala dirisha. Ndani wamelala mapacha, matumbo yametazamana, migongo imegeukia ukuta."

Alisimama na kiatu kimoja mkononi, begi lake amelikumbatia kifuani kama mtu aliyepanda pikipiki na trei ya mayai. Macho yake yalikuwa yameshanipita, yameingia ndani bila yeye, na huko hayakuwa yakitafuta mapacha.

"Kimenishinda," akasema.

"Nipe mji."

"Nakupa Murongo."

"Murongo ulinipa safari iliyopita. Usinipe makombo."

"Basi chukua Bukoba yote, na ziwa lake."

Ndani mjukuu wangu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikakatika katikati kama kimekumbuka jambo, lakini nilikishukuru. Tangu baba yake atamke habari za Jumapili, sikuwa nimemsikia akicheka.

"Nimekwenda Bukoba, nimekula samaki, nimerudi," nikasema. "Jibu ni kahawa. Ipasue siku moja uone wale wawili walivyolala."

Sikujua kwamba siku yenyewe ni ileile.

Mjukuu wangu anaitwa Kokushubira, sisi wa nyumbani tunamwita Koku. Alipomaliza chuo alirudi hapa Kimuli, akamwomba baba yake, yaani mwanangu Deodatus, chumba kimoja kilichokuwa stoo ya kahawa. Akakipaka rangi, akaweka kompyuta yake ya mezani, akaanza kutengeneza video za harusi na kipaimara. Watu wa Kamuli wanamletea, wa Murongo wanamletea. Bibi harusi akijikwaa, Koku anakata pale, mtu anaonekana ametembea vizuri mpaka altareni. Hiyo ndiyo kazi yake, na anaipenda kuliko chakula.

Tatizo ni ukuta. Upande wa pili wa ukuta ule kuna mashine ya Deodatus ya kukoboa kahawa. Inapowashwa, taa za nyumba nzima zinafifia, na vumbi la maganda linapita hata pasipo na tundu. Kompyuta ikawa inakohoa, inaganda, inazima na harusi ya watu tumboni. Ndipo Koku akamtafuta fundi, na fundi akawa Mbonimpa, mwenye kibanda chake Murongo karibu na mpaka.

Akaja, akatengeneza. Ikaharibika, akaja tena. Wakawa wanainamia kisanduku kile pamoja, nami nikikaa mlangoni kuchambua maharage, maana nyumba yetu haimwachi binti peke yake na mwanaume, hata mwanaume awe ameshika bisibisi. Niliona jinsi vidole vyao vilivyokuwa vikikwepana juu ya skrubu moja. Watu wasiopendana hawakwepani hivyo.

Deodatus naye si kipofu. Jana jioni aliweka kikombe chake chini akasema, "Fundi huyu anatengeneza kama mtu anayepanda mbegu. Anafukia ubovu humo ndani ili uote, apate kurudi. Kesho ni mwisho. Kama ile kompyuta haitapona, natia magunia yangu mle chumbani. Na ikipona, sioni sababu ya miguu yake kukanyaga hapa tena."

Halafu akaongeza, bila kumtazama Koku, "Jumapili watu wa Clavery wanakuja kujitambulisha."

Clavery ni kijana wa Bukoba, anashughulika na mizigo pale Murongo, mwenye gari na maneno laini. Sina la kumsema. Lakini Koku alikuwa amejipangia jibu: nina kazi yangu, nina chumba changu, nipeni muda. Chumba kikirudi kuwa stoo, jibu hilo linazikwa chini ya magunia.

Maneno ya mwanangu yalinikalia kifuani. Kompyuta ikipona, Mbonimpa harudi. Isipopona, Mbonimpa harudi. Nimetega vitendawili tangu nikiwa na meno ya utoto, lakini hicho cha Deodatus nilikizunguka pande zote nisione mlango.

* * *

Mbonimpa alitandaza vifaa vyake juu ya kitenge cha Koku, kimoja kimoja. Nikavuta kigoda changu mpaka mlangoni, ungo magotini. Mama yake Koku alikuwa amekwenda Kamuli kwa dada yake aliyejifungua, kwa hiyo ulinzi wote ulikuwa wangu.

"Nionyeshe pengo kwanza," Koku alisema.

"Nimepima safari hii."

"Safari iliyopita pia ulisema umepima."

Mbonimpa alishika shingo yake. Safari iliyopita alileta RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, kikakataa kuingia. Alikisukuma, akakigeuza, mpaka Koku akamwonyesha kwa ukucha kwamba pengo la kibao haliko sawa na la kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Fundi mzima alitoka jasho la pua.

"Nilipiga picha ya ile ya zamani," akasema. "Nikailinganisha dukani mpaka mwenye duka akaniuliza kama namnunulia mchumba."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia apunguze bei."

Koku aliinama kutafuta bisibisi iliyokuwa mbele ya macho yake.

"Ziko mbili," Mbonimpa aliendelea, sauti ya kazi imerudi. "Hizi zinafanya kazi vizuri zikiwa jozi, sawa kwa sawa. Ukichanganya kubwa na ndogo zinakwenda, ila haziendi pamoja."

"Hilo usimwambie Baba. Atasema hata kompyuta inajua."

Hapo wote wawili waliinamia vifaa. Mimi maharage yalinitoka mkononi. Baba yake Mbonimpa ni mzee Nsanzimana, aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana, na kwa miaka mingi amepalilia migomba yetu. Alikuwa akipita nyuma, mgombani, anapewa chakula chini ya mti wa parachichi, anaondoka kwa njia ileile. Mtu mwenye heshima zake. Lakini katika nyumba hii sikumbuki kumwona amekaa kwenye kiti.

"Na kadi ya picha?" Koku akauliza haraka.

"Kadi ya picha tutaiacha kwanza."

"Mbonimpa, video zangu zinataka kadi. Nikiweka rangi tu, inaganda."

"Zinataka umeme kwanza. Sikiliza." Akafungua ubavu wa kisanduku. Vumbi la kahawa lilikuwa limelala humo kama blanketi. "Hii pawasaplai ndiyo inayogawa umeme kwa wenzake wote. Imechoka. Mzee akiwasha mashine, umeme unashuka, halafu unarudi kwa hasira. Kila ukirudi, unampiga huyu. Nikikuwekea kadi juu yake, siku moja atakufa na atakufa na wenzake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo akiba yako inatosha njia moja kati ya mbili. Njia ya kwanza, RAM peke yake. Itaamka leo, utaiona nyepesi, utafurahi. Njia ya pili, RAM hizi, pawasaplai mpya, diski ya SSD badala ya hii inayolia kama panya, na stabilaiza ukutani ya kutuliza umeme. Na wavu wa chandarua mbele ya feni, uzuie vumbi. Nimekubaliana na mwenye duka, kisichotumika nakirudisha."

 Koku alichukua RAM, akaipima mkononi, akaitazama pawasaplai iliyokaa pale nzito kama tofali.

"Hii ya kwanza," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "itakaa mpaka lini?"

"Mpaka msimu. Mashine ikianza kukoboa kutwa nzima, haivuki."

"Halafu?"

"Halafu inakufa."

"Halafu nakuita."

Bisibisi ilisimama. Mimi nilizidi kuinamia ungo. Vijana wana imani ya ajabu kwamba bibi akishika maharage masikio yake yanafungwa.

"Weka RAM peke yake," Koku alisema.

"Koku."

"Leo itawaka. Baba ataona imepona, chumba nitabaki nacho, Jumapili nitakuwa na la kusema. Msimu ukifika itazima, nitakupigia, utakuja. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi weka."

Hakugusa kitu. Nje kulikuwa kunanuka mvua, na kuku walikuwa wameshaanza kujivuta uvunguni mwa ghala.

"Baba yako anasema ninafukia ubovu ili nirudi," akasema polepole. "Ameshawaambia na watu, niliambiwa hata Murongo. Nilikaa nalo nikajiambia, acha aseme, moyo wangu unajua. Sasa nikiweka hii, atakuwa amesema kweli."

"Hatajua."

"Mimi nitajua. Kila nikila hapa kwenu nitajua."

"Kwani ukiweka hiyo nyingine utakula hapa kwetu lini?" Koku aliuliza, na machozi yalikuwa yamesimama machoni bila kushuka. "Ukifunga hicho kisanduku kikiwa kizima, umeondoka. Hakuna wa kukuita. Unanifungia mlango kwa mkono wako halafu unaniambia habari za moyo."

"Sitaki kuja kwenu kwa ubovu."

"Utakuja kwa nini?"

"Nataka nije kwa jina langu."

"Jina lako Baba halitamki. Anakuita fundi."

"Ndiyo maana. Nikija kwa ubovu nitaitwa fundi mpaka nizeeke."

Walitazamana. Mimi nimeishi na mwanaume mpaka nikamzika, na najua kutazamana kwa aina nyingi. Kule kulikuwa kwa watu wawili walioshika kamba moja, kila mmoja akiogopa kwamba mwenzake ataachia.

Kisha Koku akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alifuta macho kwa kiwiko, akanyoosha mkono, akainua ile pawasaplai, akampa. 

"Shika basi," akasema. "Kabla sijabadilisha mawazo."

* * *

Walikuwa wameshafunga skrubu ya mwisho na kuiwasha kompyuta Deodatus alipoingia. Mwanangu ni mtu mpana, na siku hiyo alikuwa na vumbi la kahawa mpaka kwenye nyusi. Hakuketi.

"Fundi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imepona?"

"Naamini imepona, mzee."

"Mimi siamini kwa mdomo. Inafanya nini saa hii?"

"Inatoa video ya harusi ya Kamuli, Baba," Koku alijibu. "Ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Ikizimwa hapa, inaanza upya."

"Vizuri. Iache iendelee."

Akatoka. Tulijua anakwenda wapi. Koku alimshika Mbonimpa mkono wa shati, akaukumbuka mkono wake, akauachia.

Kwenye kioo bibi harusi wa Kamuli alikuwa anacheza, vitambaa vinapepea, na chini yake mstari wa kijani unatambaa taratibu kuelekea mwisho. Nikasikia mlango wa mashine unafunguliwa. Nikasikia mwanangu anakohoa. Halafu ukuta ukanguruma.

Taa ilififia ikawa njano kama mafuta ya mawese. Stabilaiza ukutani ikalia tak, ikanyamaza, ikalia tak tena. Nilishika rozari yangu ndani ya mfuko wa gauni. Mbonimpa alikuwa ameweka kiganja juu ya kisanduku, hivi, kama mama anayepima homa ya mtoto, na midomo yake ilikuwa inasema kitu kisichosikika.

Bibi harusi hakusimama. Alicheza, alizunguka, alimlisha mumewe keki. Mstari wa kijani ukatambaa na kutambaa, na ukuta ukanguruma na kunguruma, mpaka mstari ukafika mwisho na maandishi yakatokea.

"Imemaliza," Koku alisema.

Hakuruka. Hakupiga makofi. Alikaa pale mikono mapajani, anaitazama kazi yake nzuri kama mtu anayetazama basi lililombeba ndugu yake likikunja kona. Mbonimpa alianza kukusanya bisibisi zake, moja moja, polepole kuliko inavyotakiwa.

Mashine ikazimwa. Deodatus akatokea mlangoni. Aliutazama mstari wa kijani, akamtazama kijana, akajikuna kidevu.

"Usiondoke," akasema. "Njoo sebuleni. Mama, tuletee kahawa."

* * *

Kwetu mgeni anayepokelewa kwa heshima hupewa kahawa ya kutafuna. Ni kahawa nzima na ganda lake, imechemshwa na majani ya kunukia, ikaanikwa mpaka ikakauka. Inakaa ndani ya kikapu kidogo chenye mfuniko, mgeni anachota, anatafuna, maongezi yanaanza. Hiyo ni ya mgeni.

Lakini kuna nyingine. Mwenye nyumba akichukua kahawa moja, akaipasua katikati, akala pacha mmoja na mwingine akakupa wewe, amekufanya ndugu. Zamani ilipakwa damu ya tumboni kwanza. Siku hizi padri hapendi na watu wanaogopa magonjwa, kwa hiyo damu imeachwa, ila kahawa imebaki na nguvu zake. Mliokula pamoja mmezaliwa pamoja. Shida yake ni yako, kaburi lake utachimba wewe. Na watoto wake ni wanao. Huwezi kuwadhuru, huwezi kuwanyima, huwezi kuwaoa.

Niliingia na kikapu nikakiweka mezani. Mbonimpa alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kama anaogopa kukichafua. Koku alisimama kwenye mlango wa ndani, nusu ya uso wake nyuma ya pazia.

Deodatus alinawa mikono. Akafunua kikapu, akachagua kahawa moja nono. Halafu akaingiza mkono mfukoni akatoa kijisu chake.

 Nikakaa bila kuambiwa.

"Fundi," alianza, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole wa kweli. "Nilikuwaza vibaya. Nilisema unatengeneza ili iharibike. Leo nimewasha mashine kwa makusudi nikuumbue, na sikukuumbua. Mimi nilizaliwa peke yangu. Mama yangu huyu hapa anajua. Sina mdogo wa kiume wa kumwita nikikwama."

Kijisu kikapita. Kahawa ikaachana, na mapacha wakalala kwenye kiganja chake, matumbo juu.

"Kuanzia leo nyumba hii ni yako. Ukipita Kimuli na njaa, unakula hapa. Ukiumwa, gari langu linakubeba. Shika."

Mpaka leo sijui kama mwanangu alikuwa anamshukuru kijana yule au anamfungia mlango. Nadhani hata yeye hajui. Lakini fikiria ile zawadi ilivyokuwa. Mtoto wa Nsanzimana, ambaye baba yake hakuwahi kupewa hata kahawa ya mgeni katika nyumba ile, anapewa ya ndugu. Mtu wa kuikataa hiyo ni mjinga, au ni mwenye matusi.

Mbonimpa akanyoosha mikono miwili kwa adabu, akaipokea. Pazia likatikisika.

Je, alijua? Amekua hapahapa, lakini amekua kule mgombani, na mambo haya hufanyika ndani. Mimi singeweza kusema neno. Mwanaume akitoa kahawa, hata mama yake hamwingilii. Nilitafuta pa kupita, nikaona mahali pamoja tu.

"Kitendawili," nikasema.

"Mama waitu," Deodatus aligeuka, akiniita kwa heshima ya lugha yetu, "si sasa."

"Mimi ni mzee, nikikiacha kitanitoka. Kitendawili."

Mbonimpa alinitazama. Nusu ya kahawa ilikuwa kwenye kiganja chake, hajakifunga.

"Tega, Bibi."

"Nilibisha hodi, wakanifungulia. Wakanikaribisha, wakanipa kitanda cha ndani kabisa. Asubuhi nikakuta nilichokuja kukitafuta kimekuwa mwanangu."

Mvua ilianza kugonga mabati, matone ya kuhesabika kwanza, halafu yote. Mbonimpa alitazama kiganja chake. Akatazama pazia. Akatazama tena kiganja.

"Huu mji sitatoa, Bibi," akasema. "Hiki nakijua."

Aliteremka kutoka kwenye kiti, akapiga goti moja sakafuni, akaiweka ile nusu ya kahawa juu ya meza mbele ya Deodatus. Aliiweka taratibu, tumbo juu, kama alivyopewa.

"Baba, nisamehe. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupewa kitu kikubwa kama hiki. Baba yangu akisikia nimekirudisha ataniuliza kama nina akili. Lakini nikikila nitakuwa mdogo wako."

"Na hilo ni baya?"

"Si baya. Ila Kokushubira atakuwa mwanangu." Akainua uso. "Mimi sikuja hapa kutafuta ndugu."

Mwanangu hakusogea. Niliona mshipa wa shingo tu umemsimama. Mvua ilipiga mabati, na nilikuwa nikiomba kimya kwamba asisimame, maana akisimama ni mpana, na mtoto wa watu yuko chini.

"Kwa hiyo nilisema kweli," Deodatus alisema hatimaye. "Ulikuwa unatengeneza ili urudi."

"Hapana, Baba."

Si Mbonimpa aliyesema. Koku alikuwa ametoka nyuma ya pazia. Alikuwa amejishika viwiko, kama anayesikia baridi.

"Mimi ndiye niliyemwambia aweke kifaa dhaifu," akasema. "Leo, pale mezani. Nilimwambia aweke kitakachokufa msimu ukianza, nipate kumwita. Nilimbembeleza. Akakataa. Akasema akifanya hivyo wewe utakuwa umesema kweli. Bibi alikuwepo."

Deodatus akanigeukia. "Mama?"

"Nilikuwa nachambua maharage," nikasema. "Lakini alikataa."

"Alijua ikipona harudi?"

"Alijua," Koku alijibu. "Nilimwambia nikilia."

Mwanangu aliitazama ile nusu ya kahawa mezani. Akaitazama nusu iliyobaki kiganjani mwake. Kisha akaichukua ile ya mezani, akaiunganisha na mwenzake, akatia zote mbili kinywani mwake mwenyewe, akaanza kutafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, uso umekunjana kwa uchungu wake.

Alipomeza, alisukuma kikapu mpaka upande wa pili wa meza.

"Chota," akasema. "Hizo ni nzima."

Mbonimpa alichota. Alitia moja mdomoni, na nyingine akazifunga ndani ya kitambaa chake. Hakuna aliyemuuliza anampelekea nani.

"Nsanzimana bado anatembea vizuri?" Deodatus aliuliza, akiangalia mvua.

"Anatembea, Baba. Goti linamsumbua kidogo."

"Kilima hiki anakiweza?"

"Anakiweza."

"Aje, basi. Kabla ya Jumapili. Sijasema ndiyo. Nimesema aje, aseme mwenyewe mnachotaka, nimsikie." Akafuta kijisu kwenye suruali. "Na asipitie mgombani."

Koku alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Mimi nilijifanya natafuta mfuniko wa kikapu, ingawa nilikuwa nimeukalia.

Mvua ilipopungua kijana alivaa begi lake. Viatu vyake vilikuwa upande wa jikoni, alikovivua, na miguu yake ikaanza kwenda huko yenyewe, kuelekea mlango wa nyuma, ilikozoea. Koku alikimbia akavileta mkononi, akaviweka mbele yake sakafuni, akabaki ameinama pale.

"Mbonimpa," mwanangu akaita.

Kijana aligeuka kama mtu aliyeguswa bega kwenye giza. Deodatus alikuwa amesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango wa mbele, ule unaotazama barabara, na alikuwa ameufungua wote.

"Mlango ni huu," akasema.

Mbonimpa alipita hapo. Alitembea katikati ya uwanja wetu, kwenye matope, polepole kama mtu anayejaribu viatu vipya, na alipofika barabarani alisimama, akageuka, akatazama nyumba kutoka upande ule ambao hakuwahi kuupitia.